Namna ya kufaulu katika somo la hesabu

Kila mwaka, mitihani ya kwanza ikiisha kusahihishwa, Padri Rekta wa seminari ndogo huita vijana wawili watatu katika biro yake na kuwaonyesha matokeo yao. Kilatini: vizuri. Kifaransa: vizuri. Dini: vizuri sana. Hesabu: 31 kwa 100. Kijana anatazama chini. Akiulizwa sababu, jibu ni lile lile: «Padri, mimi sina kichwa cha hesabu.» Na, tuseme kweli, mara nyingi neno hilo hakulitunga yeye mwenyewe. Alilisikia kwa profesa wake, mbele ya wenzake wote.

Neno hilo ndilo tunataka kulipima hapa. Sisi tulilisema tulipokuwa wanafunzi, tukalisema tena, kwa kosa letu, tulipotumwa kufundisha. Leo twaona kwamba si neno la kweli. Ni kweli kwamba Mungu hakugawa akili sawasawa: mmoja anaelewa upesi, mwingine polepole. Lakini hesabu inayofundishwa katika shule ya sekondari si ya watu wachache wenye akili ya ajabu. Kijana aliyeweza kujifunza Kilatini na Kifaransa anaweza kuifuata. Anayeanguka, mara nyingi hakukosa akili. Amekosa desturi za kazi, na hakuna aliyemwonyesha. Basi, tueleze kwanza sababu ya kusoma hesabu, kiisha yale ambayo kalasi inadai, halafu desturi zinazoleta kufaulu. Mwisho tutasema neno kwa maprofesa na makatekista.

I. HESABU NI YA NINI KWA PADRI?

Waseminari wengi wanauliza hivi: «Nitaadhimisha Misa, nitaungamisha, nitahubiri. Ekwasio zitanisaidia nini?» Swali hili si baya. Linafaa jibu.

Tuangalie kwanza historia ya Kanisa. Papa Silvestro II, aliyeongoza Kanisa toka mwaka 999 mpaka 1003, alikuwa mbele profesa katika shule ya Reims, na alifundisha huko kuhesabu kwa namba zile alizozipokea kutoka kwa Waarabu. Mwaka 1582 Papa Gregori XIII alitengeneza upya kalenda: baada ya tarehe 4 Oktoba, siku iliyofuata ilihesabiwa kuwa tarehe 15 Oktoba. Kwa sababu gani? Kwa sababu kalenda ya zamani ilikuwa imechelewa siku 10 nyuma ya jua, na sikukuu ya Pasaka haikuangukia tena wakati wake wa kweli. Mmoja wa wale waliofanya kazi hiyo kwa hesabu zao ni Myezuiti Christoph Clavius, naye ndiye aliyesihi sana kwamba hesabu ifundishwe katika makoleji ya Wayezuiti. Karibu na nyakati zetu, Padri Georges Lemaître, Mbelgiji aliyepewa upadri mwaka 1923, profesa wa Chuo Kikuu cha Louvain, alionyesha kwa hesabu mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka. Alikufa mwaka 1966. Hesabu haikumzuia kuwa padri, wala upadri haukumzuia kuhesabu.

Wengine wanasema: «Hesabu ni jambo la Wazungu.» Hawa na wasafiri mpaka Ishango, katika nchi yetu wenyewe, pale ambapo mto Semliki unatoka katika ziwa Édouard. Huko, mwaka 1950, mtaalamu Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua kifupa kidogo chenye alama nyingi zilizokatwa kwa kisu cha jiwe, zimepangwa kwa mistari mitatu. Kifupa hicho kina umri wa miaka 20,000 hivi, na kinalindwa leo katika nyumba ya makumbusho huko Brussels. Hesabuni alama: mstari mmoja una 60, wa pili 48, wa tatu 60. Katika mstari mmoja, mafungu ya alama ni 11, 13, 17 na 19. Wataalamu hawajapatana juu ya maana ya hesabu hiyo, nasi hatutaki kuwakatia shauri. Lakini mtu aliyekaa kando ya ziwa letu, akikata alama moja moja na kuzipanga kwa mafungu, hakuwa Mzungu.

Kiisha, tuangalie parokia. Padri atahesabu sadaka, atalipa wafanyakazi, atajenga shule, atapima mabati. Asiyejua hesabu ataibiwa, ao ataonekana kama mwizi kwa kuwa hawezi kuonyesha namna feza ilivyotumika.

Lakini sababu kubwa si hiyo. Hesabu inatuzoeza kutosema jambo tusiloweza kulionyesha. Katika mazungumzo, mwenye sauti kubwa anaweza kushinda. Katika hesabu, mwanafunzi mdogo kuliko wote akionyesha njia yake hatua kwa hatua, hata profesa lazima akubali. Kijana aliyezoea unyofu huo atakuwa mwanafunzi bora wa filosofia na wa teolojia, na mbele ya wakristu hatasema «ni hivyo» pasipo kujua kwa sababu gani.

II. KALASI INADAI NINI?

Yale yanayodaiwa si mengi, lakini yanadaiwa kila siku.

Kwanza, kuwapo, kwa mwili na kwa akili. Masomo mengine yanavumilia pengo. Asiyesikia habari za mfalme mmoja ataweza kuelewa habari za mfalme anayefuata. Hesabu haivumilii. Ni kama ukuta wa matofali: tofali la leo linakaa juu ya lile la jana. Kijana akilala na malaria siku tatu, na siku hizo profesa akafundisha namna ya kuondoa mabano, basi akirudi ataona ubaoni mambo yasiyo na maana, na wiki mbili baadaye atasema hana kichwa. Kumbe anakosa masomo matatu tu. Mgonjwa akipona, kazi yake ya kwanza ni kuomba kaye ya mwenzake na kuyajifunza yale yaliyopita, mbele ya kuendelea na yale mapya.

Pili, vyombo. Kaye moja ya somo na nyingine ya mazoezi, kalamu ya wino, kalamu ya risasi, rula, kompa. Si vitu vya kupendeza macho. Pembetatu iliyochorwa vibaya inadanganya: mistari miwili inaonekana sawa, mwanafunzi anaandika kwamba ni sawa, kumbe hazilingani.

Tatu, kunakili vema. Katika shule zetu nyingi kitabu ni kimoja, nacho ni cha profesa. Wanafunzi wanakitegemea kile wanachokiandika kutoka ubaoni. Ukisahau alama moja ndogo ya kutoa, unajifunza uongo mwaka mzima. Kwa hiyo yafaa, jioni ile ile, wawili wawili walinganishe kaye zao, mstari kwa mstari. Ni kazi ya dakika 10.

Nne, kuandika njia yote. Wanafunzi wengine wanaona fahari kuandika jibu peke yake, kama kwamba kuruka hatua ni dalili ya akili. Profesa anayesahihisha hatafuti jibu tu, anatafuta njia. Jibu pasipo njia ni kama shahidi anayesema «ninajua» bila kusema alijuaje. Tena, aliyeandika njia yote anaweza kurudi na kuona alipopotea. Asiyeiandika hana pa kurudi.

Tano, kufanya mazoezi ya nyumbani kwa mkono wako mwenyewe. Juu ya jambo hili tutasema zaidi hapa chini.

III. DESTURI ZINAZOLETA KUFAULU

Turuhusiwe kusimulia habari zetu. Katika mwaka wa tatu wa sekondari tulikuwa na bidii nyingi. Tuliamka mbele ya kengele. Tulikariri teorema na uhakikisho wake wote, kama tulivyokuwa tumekariri Katekisimu nyumbani: neno kwa neno, pamoja na nukta. Siku ya mtihani profesa aliuliza uhakikisho tuliokuwa tunaujua bila kosa. Lakini pembetatu ya kaye yetu iliitwa ABC, na yeye aliichora ikiwa imegeuka, akaiita MNP. Tulikaa saa nzima tukiitazama. Tulipata 38 kwa 100, nasi tulilia kwa hasira, tukisema kwamba profesa ametutega.

Padri mmoja mzee aliyekuwa akifundisha kalasi za juu alituita. Hakutukaripia. Alituuliza: «Pembetatu ikibadili jina, imebadilika nini?» Tulinyamaza. Akasema: «Nenda ufunge kaye, uandike uhakikisho huo kwa herufi nyingine, na kila mstari uniambie kwa nini umeuandika.» Tulifika mstari wa pili, tukakwama. Hapo ndipo tulipojua kwamba hatukujua. Desturi tunazozitaja sasa zilianzia siku ile.

1. Kufunga kaye. Kusoma hesabu kwa macho ni kujidanganya. Profesa anapoeleza, yote yanaonekana wazi. Tunapolisoma tena zoezi lililokwisha kufanywa, tunasema «ndiyo, ndiyo». Lakini kuona mwingine anavuka mto si kujua kuogelea. Kila jioni chukua zoezi moja la siku ile, funga kaye, lifanye upya kwenye karatasi tupu. Ukikwama, fungua, tazama hatua ile moja tu, funga tena. Ukilimaliza pasipo kufungua, hapo umelijua.

2. Kidogo, lakini kila siku. Nusu saa kila siku inazidi saa tano za usiku wa mtihani. Aliyekesha anaingia mtihanini na kichwa kizito, na yale aliyoyashindilia yanatoka upesi kama maji katika kikapu. Wazee wa shule walisema kwa Kilatini: repetitio est mater studiorum, kurudia ni mama wa masomo. Katika seminari saa ya masomo ya kimya imekwisha kupangwa. Tunashauri kwamba hesabu itangulie, akili ingali mbichi, si kuwekwa mwisho, wakati macho yanafumba na taa inaelekea kuzimika.

3. Kutafuta pahali pa kuanguka. Kila jioni tunajihoji dhamiri. Hatusemi tu: «Mimi ni mkosefu», tunatafuta kosa lenyewe. Na iwe hivyo katika hesabu. «Sielewi kitu» si ungamo zuri. Sema: «Katika mstari wa tatu nimekosa.» Tutoe mfano. Mwanafunzi anapewa ekwasio hii:

2 − 3(x − 4) = 5

Anaandika: 2 − 3x − 12 = 5, anaendelea vizuri mpaka mwisho, anapata x = −5. Profesa anaweka alama nyekundu. Kijana anafikiri kwamba hajui ekwasio. Si kweli! Anajua ekwasio vizuri. Amekosa pahali pamoja tu: kutoa mara tatu ya 4 iliyokwisha kutolewa ni kurudisha 12, si kutoa 12. Ilifaa kuandika: 2 − 3x + 12 = 5, yaani 14 − 3x = 5, yaani 3x = 9, na x = 3. Kosa lake si la mwaka huu, ni la mwaka wa kwanza. Mara nyingi ni hivyo. Sisi wenyewe, yule padri mzee alipotuchungua, aligundua kwamba udhaifu wetu katika aljebra ulitoka katika fraksio za shule ya msingi. Ilitubidi turudi chini, tukiwa vijana wa miaka 16, kujifunza yale ambayo watoto wanajifunza. Tuliona haya siku mbili. Kiisha tuliona faida.

Kwa hiyo yafaa kuwa na kurasa kadhaa mwishoni mwa kaye kwa ajili ya makosa yako. Andika kosa, andika sababu yake, andika njia ya kweli. Baada ya miezi miwili utaona kwamba makosa yako si mia. Ni manne ao matano tu, yanayorudi kila mara na nguo nyingine.

4. Kupima jibu. Tuliyempa mfano hapo juu angeweza kujisahihisha mwenyewe mbele ya profesa. Angeweka −5 pahali pa x: 2 − 3 × (−9) = 29, si 5. Basi jibu si la kweli. Akiweka 3: 2 − 3 × (−1) = 5. Ni la kweli. Kazi ya dakika moja! Vile vile kwa sheria unayoishuku: ijaribu kwa namba ndogo. Wengi wanaandika kwamba (a + b)² ni a² + b². Weka 3 na 4. Tatu na nne ni 7, na 7 × 7 = 49. Lakini 9 + 16 = 25. Zimepotea 24, nazo ni 2ab, yaani 2 × 3 × 4. Aliyejaribu hivyo mara moja kwa mkono wake hatasahau tena.

5. Kusoma swali kama tunavyosoma sentensi ya Kilatini. Somo la hesabu linafundishwa kwa Kifaransa, na wengi wanaanguka katika lugha mbele ya kufika katika hesabu. «Au moins 5» maana yake 5 na kuzidi. «Au plus 5» maana yake 5 na kupungua. Tumeona vijana wenye akili wakizigeuza, kwa sababu neno «plus» liliwafanya wafikiri juu ya kuzidi. Basi, mbele ya kuhesabu, sema swali kwa Kiswahili, ao kwa lugha ya mama yako, iwe Kinande, Mashi, Kirega ao Kihemba. Tunapewa nini? Tunaulizwa nini? Ukishindwa kulisema kwa lugha ya nyumbani, hujalielewa bado, na usiguse kalamu.

6. Kuuliza. Hapa tunagusa desturi zetu za heshima. Nyumbani mtoto hamsumbui mkubwa kwa maswali. Kunyamaza ni adabu. Kijana anapoingia kalasini analeta adabu hiyo, na profesa akiuliza «mmeelewa?», wote wanajibu «ndiyo, Padri». Heshima ni nzuri, lakini hapa inageuka kuwa uongo. Kuuliza kwa unyenyekevu si kukosa adabu: «Padri, nimefuata mpaka mstari wa nne, kutoka wa nne kwenda wa tano sikuona njia.» Hakuna profesa wa kweli atakayechukia swali la namna hiyo.

7. Kusaidiana pasipo kuibiana. Usiku, karibu na kuzima taa, kaye ya mwenye akili inazunguka kitanda kwa kitanda, na asubuhi vijana 30 wana jibu moja, na kosa moja vilevile. Wanaita jambo hilo mapendo ya kidugu. Sisi tunaliita vingine. Aliyempa mwenzake kaye ya kunakili amemfunga macho siku ya leo ili aanguke shimoni siku ya mtihani. Mapendo ya kweli yanachukua muda zaidi: kuketi naye, kumwuliza anakwama wapi, kumwachia kalamu mkononi mwake. Naye anayeeleza anapata faida kubwa kuliko wote, kwani hakuna anayejua jambo vizuri kama yule aliyelazimika kulieleza.

Wengine wanajifariji: «Katika Mtihani wa Serikali majibu yameandikwa tayari, kazi ni kuchagua.» Mtihani huo ulianzishwa mwaka 1967, na ni kweli kwamba mtahiniwa anachagua jibu kati ya mengi. Lakini wanaotunga majibu hayo wanayajua makosa yetu. Mwenye kukosa alama ataona jibu lake la uongo limeandikwa pale, linamngojea. Kubahatisha si kuhesabu. Na yule atakayenunua majibu kwa feza, je, siku moja atawezaje kuhubiri juu ya amri ya saba?

IV. NENO KWA MAPROFESA

Tumesema juu ya wanafunzi. Lakini si haki kumtwika mtoto mzigo wote.

Tulipopewa upadri tulitumwa kufundisha katika seminari ndogo. Kalasi ilikuwa na vijana zaidi ya 40, nasi tulikuwa na haraka ya kumaliza programu. Kijana mmoja alikuwa mzito. Siku moja tulimwita ubaoni kwa zoezi la fraksio. Aliandika kwamba nusu na theluthi, pamoja, ni 2/5. Kalasi ilicheka. Sisi pia tulicheka, kiisha tukasema neno lile: «Wewe huna kichwa cha hesabu. Sijui kama utafika mbali hapa.» Aliketi. Mwaka ulipokwisha alikwenda likizo, na hakurudi. Hatukufikiri tena juu yake.

Miaka mingi baadaye, katika parokia nyingine, tulikwenda kutazama msingi wa kanisa dogo la kijiji. Mwashi alikuwa anapima pembe kwa kamba: meta 3 upande huu, meta 4 upande ule, kiisha akahakikisha kwamba toka ncha mpaka ncha ni meta 5 kamili. Alifanya hivyo pembe zote nne, pasipo kosa. Alikuwa ni yule kijana. Alitusalimu kwa heshima. Tulimwuliza kama anajua kwa nini kamba hiyo inaleta pembe iliyonyoka. Alisema kwamba mwashi mzee ndiye aliyemfundisha, naye hakujua sababu. Tulimwonyesha mchangani: 9 na 16 ni 25. Aliangalia kitambo, akatikisa kichwa, akasema: «Padri, kumbe ni hili tu? Kule shuleni nilifikiri ni kitu cha watu wengine.»

Hatujui kama Mungu alikuwa amemwita awe padri. Kazi yake ya uashi ni kazi ya heshima, na Bwana wetu mwenyewe alifanya kazi ya mikono. Lakini tunajua kwamba si Mungu aliyemfungia mlango siku ile. Ni sisi, kwa neno moja, na kwa uvivu. Maana tungaliweza kumwambia: «2/5 ni ndogo kuliko nusu. Ulikuwa na nusu, ukaongeza, na sasa una kidogo kuliko mbele? Tazama tena.» Angaliona mwenyewe. Ilitaka nusu ya dakika.

Basi, wapadri wenzetu mnaofundisha, tusimcheke anayekosa ubaoni. Tumshukuru, kwa kuwa kosa lake ni la wengi walioketi kimya. Tusahihishe kaye upesi, mbele kosa halijapoa. Tusianze somo jipya pasipo kuuliza swali moja juu ya lile la jana. Na programu isituendeshe kama mbwa anayekimbiza mbuzi: kufika mwisho wa kitabu pamoja na wanafunzi watano si kumaliza programu.

Nanyi makatekista, ambao mara nyingi ni ninyi pia walimu wa watoto kijijini, kazi yenu ni ya msingi kweli, kwa maana fraksio zinazowaangusha waseminari zilianza kupotea huko. Msiandike ubaoni mbele mtoto hajashika kitu mkononi. Chukueni miwa miwili yenye urefu sawa. Mmoja ukateni katika nusu, mwingine katika theluthi. Mwulizeni mtoto: kipande hiki na kile, pamoja, ni sehemu gani ya muwa? Hawezi kujibu, kwani vipande havilingani. Kiisha kateni yote kwa vipande vya sita: nusu inatoa vipande vitatu, theluthi inatoa viwili, jumla ni 5/6. Mtoto aliyekula hesabu hiyo hataandika 2/5 maisha yake yote.

TUMALIZIE

Mseminari anayesoma kurasa hizi na aliye na 31 kwa 100 asingoje mwaka mwingine. Leo jioni achukue kaye ya mtihani ule uliomhuzunisha. Asitazame namba nyekundu iliyo juu. Atafute mstari wa kwanza alipopotea, auandike kando na sababu yake. Kesho atafute wa pili. Ampelekee profesa mistari miwili hiyo, na aulize. Afanye hivyo mwezi mzima, nusu saa kila siku, kaye ikiwa imefungwa. Hatumwahidi 90. Tunamwahidi kwamba atajua anaposimama, na anayejua anaposimama anaweza kutembea.

Na akiisha kufaulu, asimsahau yule wa kitanda cha jirani.

Bikira Maria, Kiti cha Hekima, atuombee sote, wanaofundisha na wanaofundishwa.